Mtaa Ulioacha Kuumwa

Mvua za masika zilikuwa zinakatika siku nesi mkuu wa kituo chetu cha afya alipokuja kwangu bila taarifa. Alikaa kwenye benchi la barazani, akakataa chai, akaomba nimletee sanduku la dawa. Alilipakata, akaanza kupekua pakiti za dawa mseto na vipimo vya malaria kama mama anayekagua begi la binti aliyerudi kutoka bweni.

"Zimebaki nyingi," alisema.

"Watu hawajaumwa, mama."

"Hawajaumwa." Alifunga sanduku polepole. "Wa mlima wa kulia wana homa. Wa kushoto wana homa mpaka dawa zimewaishia. Nyinyi mko katikati. Mbu wanawaruka?"

Nilikuwa mhudumu wa afya wa umudugudu wetu, yaani mtaa wetu, kwa miaka kadhaa. Majirani walinichagua wenyewe, nadhani kwa sababu nilikuwa nashinda nyumbani nikishona, na kwa sababu nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mto Akagera, kwa hiyo niliweza kuongea na wageni kwa Kiswahili na wenyeji kwa Kinyarwanda. Mtu akipata homa alikuja kwangu. Nilimtoboa kidole, nikadondosha damu kwenye kipimo, tukakaa tukisubiri mstari wa pili. Ukitokea, nampa dawa. Kila wiki nilituma idadi kituoni kwa simu. Mshahara haukuwepo, ila watu waliniita muganga, daktari wao, na jina hilo lilinipendeza kuliko nilivyokubali kusema.

Mwenzetu mmoja wa mtaa mwingine aliwahi kuondolewa kwa kutuma wagonjwa hewa. Siku ile, kwa namna nesi alivyoniangalia, nilielewa kwamba mimi nashukiwa kwa kinyume chake: natuma wazima hewa.

"Zunguka," aliniambia akiinuka. "Usingoje waje. Na ukimpata mgonjwa usisahau ile kazi ya simu."

Ile kazi ya simu ilikuwa mpya. Tulikuwa tumeletewa simu ambazo, ukimpima mtu na kumkuta na malaria, unasimama mlangoni kwake na kubonyeza, simu inachukua mahali nyumba ilipo na kuweka kidoa kwenye ramani. Walituambia ni ili wapuliza dawa ya mbu wajue pa kuanzia. Nilikuwa nimeifanya mara chache kabla mtaa haujanyamaza, na kila mara nilijihisi vibaya kidogo, nimesimama pale kama mtu anayechungulia. Sikuuliza zaidi. Mtu akikupa simu mpya huanzi kumhoji.

Kesho yake nilianza kuzunguka.

Tunakaa Kinyinya, pembeni mwa mji, upande wa chini, pale mlima unapoishia bondeni. Juu yetu wanajenga kila siku. Malori ya mchanga yanapanda tangu asubuhi na nyumba za ghorofa zinaota kama uyoga. Chini yetu ni viazi vitamu, matete na maji yasiyojua pa kwenda. Katikati ndio sisi, wenye vyumba vya tofali za udongo tunavyokaa na vingine tunavyopangisha vibarua wa huko juu. Mbu wa bonde lile hawahitaji kualikwa.

Na bado kila mlango niliobisha niliambiwa hawajambo. Hawajambo kabisa. Walinijibu wakiwa wamesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kizingiti, na hakuna aliyesema karibu ndani. Kwenye nyumba moja nilisikia harufu ya mkaratusi uliochemshwa, ule ambao watu hujifukizia. Kwenye nyingine mtu alikuwa anatapika nyuma ya pazia, na mwenye nyumba akaanza kuongea kwa sauti ya juu kuhusu bei ya mkaa ili nisisikie.

Nyumba iliyonisumbua zaidi ilikuwa ya mama mmoja mpangaji, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akiuza parachichi barabarani. Alikuwa na binti mdogo ambaye hajaanza shule, na binti huyo kila siku alikuwa kwangu akiokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Nikakumbuka kwamba sijamwona.

"Mtoto yuko wapi?" nilimuuliza mama yake.

"Iko kwa shangazi yake, Kicukiro."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, muganga."

Kando ya mguu wake kulikuwa na vindala vya mtoto, vina tope bichi. Aliona kwamba nimeviona. Akavisukuma ndani kwa kisigino, taratibu, huku akinitazama usoni.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu ikatafuta mtu. Ilimpata mwenye duka.

Duka lile dogo liko kwenye kona ya kupanda barabarani. Mwenyewe ni mama aliyekulia Bujumbura, mnene, mcheshi, anayemjua kila mtu na deni la kila mtu. Mara kwa mara nilikuwa nimewaona vibarua wakitoka pale na kitu kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, hawakiweki mfukoni mpaka wamenipita. Nikaamua kwamba anauza dawa za malaria kwa magendo, kidonge kimoja kimoja, na ndio maana sanduku langu limejaa.

Nilienda siku hiyohiyo jioni.

"Karibu, muganga. Sukari ao chumvi?"

"Dawa," nilisema. "Nasikia una dawa."

Kicheko chake kilikuja, lakini kwa kuchelewa. "Niko na za kichwa tu. Iko kosa? Watu wanabeba zege kutwa, vichwa vinawauma."

"Na za malaria?"

"Za malaria ziko kwako. Si wewe ndio unatuandika?"

Hakusema unatutibu. Alisema unatuandika. Nililibeba neno lile hadi nyumbani bila kujua nifanye nalo nini.

Jambo jingine lilinisumbua, nalo nitalisema ingawa halinipi sifa. Mume wangu, fundi rangi kwenye majengo ya juu, naye alikulia Bujumbura, na yeye na mwenye duka walipenda kuongea mambo ya kwao. Zamani sikujali. Lakini majuma yale alianza kupitia dukani kila akitoka kazini, na mara mbili nilipotokea pale ghafla mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa. Nyumbani alikuwa mkimya. Alikula kidogo. Alijifunika blanketi mapema, akageukia ukuta.

"Una nini?" nilimuuliza.

"Niko nasikia baridi tu. Huko juu upepo ni mwingi."

Mke akisikia hivyo, na mume anapitia kila siku kwa mama mcheshi, hafikirii upepo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, siku ya umuganda, ambayo mtaa mzima hutoka na majembe kwa kazi ya pamoja. Tulipangiwa kuzibua mtaro wa bondeni na kufyeka majani. Nilijiunga na kundi la wanawake niliowajua wote. Walikuwa wakiongea na kucheka, na nilipoweka jembe langu kati yao wakaanza kulima kwa bidii ya ajabu. Hakuna aliyeinua uso. Nilipoinama kutoa tope nikasikia nyuma yangu mmoja akimwambia mwenzake kwa Kinyarwanda, "Ni we utwandika." Ndiye anayetuandika.

Niligeuka. "Nawaandika wapi?"

Majembe yaliendelea kupiga tope.

"Nauliza, nawaandika wapi?"

Mwanamke mmoja mtu mzima, ambaye mwaka uliotangulia nilimpeleka mjukuu wake kituoni mgongoni kwangu, alijibu bila kuniangalia, "Wewe ndio unajua, binti yangu."

Nililia siku ile, lakini si mbele yao. Usiniulize kama nililia kwa huzuni au kwa hasira. Nilijua tu kwamba kuna jambo linasemwa juu yangu, kila mtu analijua ila mimi, na kwamba lilipoanzia ni dukani. Nilikuwa na hakika hiyo kama ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Jumapili yake sikwenda kanisani. Mume wangu naye alibaki, alisema amechoka. Jua lilikuwa limeshapanda na mtaa umetulia, wengi wako misani, ndipo mama wa parachichi alipoingia uani kwangu bila kubisha, bila viatu, kitenge kimemlegea.

"Muganga, njoo. Njoo mama, nakuomba."

Mtoto hakuwa Kicukiro. Alikuwa kwenye mkeka nyuma ya pazia, macho yamegeuka, mikono na miguu inatupwa. Degedege. Nilimlaza ubavu, nikamvua sweta alilofunikwa, nikamwambia mama asimtie kitu mdomoni. Mwili wa mtoto ulikuwa unaunguza mkono. Degedege lilipomwachia alilegea kama nguo iliyolowa, nikamtoboa kidole wala hakushtuka. Mstari wa pili ulitokea kabla hata sijaweka kipimo chini vizuri.

"Ameanza lini kuumwa?"

Mama alikuwa analia. "Si leo. Si jana."

Mtoto wa hali ile huwezi kumpa kidonge. Nilimwita mume wangu. Alikuja akamwangalia mtoto, akambeba, akapanda naye mlima kuelekea barabarani. Ni mtu mwenye nguvu, lakini njiani nilimwona akisimama, akishika mti, akihema kama mzee. Nilidhani ni uzito wa mtoto. Tulipata pikipiki, mama akapanda na mtoto, mimi nikafuata na nyingine.

Kituoni walimchoma sindano na kumtundikia maji, kisha wakaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali. Tulipokuwa tunalisubiri, mimi na mama yake tulikaa kwenye benchi la ukutani. Nilimwambia sikuelewa. Kwangu ni hatua chache kutoka kwake. Dawa ni bure kwa mtu kama yeye. Kwa nini amfiche mtoto?

Alijifuta uso kwa kitenge.

"Walisema kila mgonjwa unayempata, nyumba yake unaiweka kwenye ramani, kwa ile simu. Zikiwa nyingi watasema bonde hili ni la magonjwa, watu hawafai kukaa. Watatutoa. Kisha wale wa ghorofa watashuka." Alinitazama mara moja, haraka. "Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba alisema atakayeleta jina la nyumba yake kwenye simu, atoke. Ningempeleka wapi huyu?"

Sikuweza kumwambia kwamba ni uongo. Nilisimama milangoni kwa watu na kubonyeza, na sikuwahi kujua vile vidoa vinakwenda wapi.

"Nani alikwambia?"

"Nilisikia dukani."

Gari lilipoondoka nao, nilimfuata nesi mkuu ofisini kwake. Nilimuuliza waziwazi: zile nyumba tunazotuma kwa simu, nani anaziona?

"Wapuliza dawa."

"Na wengine?"

Alivua miwani, akaisugua. Alikuwa mama mwema, nataka hilo lijulikane. "Mimi natuma juu," alisema. "Waliopo juu nao wanatuma juu. Hapa nilipo naona mbu tu, dada yangu. Sijaona mtu akihamishwa kwa ajili ya homa."

"Hujaona, au haiwezekani?"

"Sijaona."

Nilishuka kwa miguu. Nilipitia dukani nikiwa nimejiandaa kwa vita. Mwenye duka aliniona nikija na akatoka nje kabisa, mikono kifuani.

"Mtoto ni mzima?"

"Yuko hospitali. Ni wewe ulieneza habari za ramani?"

"Mimi sienezi. Mimi naambiwa, na wanaoniambia ni wengi, mdomo wangu nao haina mlango." Kisha uso wake ukabadilika, akawa karibu kunihurumia. "Lakini muganga, mimi nilisikia kwa mume wako. Kwani hujui? Nilidhani ni wewe umemtuma atuonye."

Aliendelea, sauti chini. "Na muangalie huyo mtu. Kila siku ananunua kwangu za kichwa. Nimemwambia nenda kwa mke wako, anakataa."

Njia ya kutoka dukani hadi kwangu ni fupi, lakini siku ile niliitembea taratibu. Nikawa nayapanga upya yote niliyoyaona: ukimya, blanketi, baridi, mkono kwenye mti. Kwa majuma yote nilikuwa namshuku mume wangu, na kumbe nilimshuku kwa jambo lisilo lake.

Nilimkuta amelala mchana, shati limeloa jasho. Nilichukua sanduku nikakaa kitandani.

"Lete kidole."

"Niko mzima."

"Lete kidole, baba."

Alikileta. Tulisubiri. Mstari wa pili ulikuja hafifu, kisha ukakolea. Akageuza uso ukutani.

"Kwa nini?" nilisema. "Unalala na mimi. Dawa ziko chini ya kitanda unacholalia."

Alijifuta jasho kwa shati, akasema, "Huko kazini, bosi mmoja alikuja na wageni. Niko napaka rangi dirishani, wananiona kama ngazi. Akanyoosha kidole huku kwetu, akasema, lile bonde siku moja litakuwa safi. Basi. Hilo tu. Usiku nikakuona na ile simu, unahesabu nyumba. Nikauliza wenzangu, zinakwenda wapi? Niliuliza tu."

"Ungeniuliza mimi."

"Wewe ungenijibu nini?"

Niliokota kipimo nikakifunga kwenye karatasi.

"Nyumba hii ndiyo kitu pekee baba yangu alituachia, aliijenga aliporudi kutoka Burundi," alisema. "Nikasema, isiwe mimi nitakayeiweka kwenye simu. Ngoja homa ipite. Wa dukani nikawaambia waangalie. Sikusema wafiche watoto. Hilo sikusema."

Nilimpa dawa na maji, nikasimama juu yake mpaka akameza. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na mengine niliyasema, si yote kwa upole. Lakini lile swali lake lilibaki chumbani. Ningemjibu nini?

Habari za mtoto zililetwa na mama yake kwa simu ya jirani: amefumbua macho, ameomba uji. Mtaa mzima ulipata habari kabla sijamaliza kukunja nguo.

Siku iliyofuata, watu wakiwa wanarudi kutoka kazini na njia imejaa, nilitoka na ile simu nikasimama mbele ya mlango wangu mwenyewe. Mume wangu alikaa kwenye benchi, blanketi mabegani, amekubali shingo upande. Niliwaambia waliosimama kwamba nyumba hii ina malaria, imo kwenye ramani kuanzia sasa, na ni ya kwanza tangu mtaa unyamaze. Niliwaambia nimeuliza nyumba hizi zinakwenda wapi na jibu nililopata ni kwamba zinakwenda kwa wapuliza dawa. Zaidi ya hapo sijui, na aliyeniambia naye hajui. Asiyetaka nyumba yake iingie, nitampima na kumpa dawa, nitatuma idadi bila mahali, na nitamwambia nesi mkuu kwamba ni mimi niliyeamua hivyo.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamume mmoja alisema, "Na tukitolewa sote, wewe utalipwa." Nikamjibu kwamba mimi nitatolewa wa kwanza. Akafikiri kidogo, akaenda zake.

Walianza kuja kupitia uani, mmoja mmoja. Yule mama mtu mzima wa umuganda alikuja na wajukuu. Vibarua walikuja na vumbi la saruji vichwani. Wengi walikataa mahali, wachache walikubali. Sanduku liliisha nikaomba jingine, na nesi mkuu alipoona idadi nilizotuma hakufurahi hata kidogo na mapengo ya mahali, lakini dawa alizileta mwenyewe, na mara hii chai akanywa. Baadaye wapuliza dawa walikuja na mitungi mgongoni. Walianza kwangu.

Binti wa jirani alirudi amekonda, shingo kama ya ndege, akashinda kwangu chini ya cherehani. Mama yake nami tunasalimiana vizuri. Hatujawahi kuizungumzia tena siku ile, na najua kuna jambo angependa nimwombe radhi, kama mimi nilivyo na langu. Duka bado liko. Mume wangu bado anapitia.

Mwaka uliofuata, kiangazi, wakaja wapimaji wa ardhi. Walikuwa watu wa makamo, kofia vichwani, walipigilia vigingi kando ya maji kutoka mwanzo wa bonde hadi mwisho. Watu walitoka kuwaangalia, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaniangalia mimi. Niliwapelekea wapimaji maji ya kunywa nikauliza vigingi ni vya nini.

"Sisi tunapima tu, mama," alisema mmoja wao, akanishukuru kwa maji.

Vigingi vile vilikuwa vya mtaro mkubwa wa mawe, nao ukajengwa. Ulichukua bustani za chini kabisa, wenye bustani wakalipwa, wengine wakasema wamelipwa kidogo. Maji yalipata njia na mbu wakapungua kweli. Nyumba zetu hazikuguswa. Kama mtaro ule ulitokana na nyumba nilizotuma, au ulikuwa umepangwa kabla sijapewa simu, au ni hatua ya kwanza ya jambo ambalo bado halijatufikia, sijui. Nimemuuliza nesi mkuu tena, naye anasema ametuma swali juu.